Mvinje Sebuleni: Mafunzo Niliyopata kwa Kutunza Mti Hai wa Krismasi Madale

Desemba ya Dar es Salaam ni mwezi mgumu kwa mti uliokatwa. Mchana joto linafika nyuzi 31 au 32, kaskazi ndiyo kwanza inaanza kuvuma, na nyumba nyingi za huku Madale zimeezekwa bati, feni inazunguka tangu asubuhi. Maelekezo mengi ya kutunza mti wa Krismasi yametoka nchi za baridi, ambako watu wanahangaika kuuweka mbali na meko na mitambo ya kupasha nyumba. Sisi joto liko nje na ndani, usiku na mchana.

Pamoja na hayo, kwangu mti wa Krismasi ni mti hai. Sina ugomvi na jirani anayenunua wa plastiki Kariakoo, maana unadumu miaka na hauombi maji. Lakini sikukuu hii ni ya kuzaliwa, na nimeona jinsi watoto wanavyoupokea mti wenye harufu ya majani mabichi, mti wanaoutilia maji kwa mikono yao na kuuliza asubuhi kama umekunywa. Ninayoyaandika hapa nimeyapata kwa kuutunza mti wa aina hiyo, kwa kusikiliza watu wa vitalu, na kwa kuangalia miti ya majirani ilivyoishia.

1. Chagua mti wa pwani

Wengi tuliohamia Madale, Goba, Mivumoni na Wazo tumetoka mikoani, na tumekuja na picha ya mti wa Krismasi wa nyumbani. Kwa mtu wa Marangu, Lushoto au Njombe, mti huo ni msaipresi, ule unaopandwa kuzunguka makanisa na shule. Desturi yenyewe ilikuja na wamisionari wa Kijerumani. Wale wa Leipzig walianza kazi Kilimanjaro mwaka 1893, wakitoka katika nchi ambayo mti wa Krismasi ulikuwa umeshazoeleka majumbani kuliko kwingine kokote. Msaipresi nao ni mgeni: asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati, ukapandwa kwa wingi nyanda za juu kwa ajili ya mbao na uzio. Ni mti wa ubaridi, na hata huko juu umepata misukosuko yake. Mwaka 1986 kidukari mmoja anayefyonza utomvu wa misaipresi alionekana Malawi, akasambaa Afrika Mashariki, na mistari mizima ya miti ikakauka ikiwa imesimama.

Kila mwisho wa mwaka kuna ndugu anayejitolea kututumia tawi la msaipresi kwa basi kutoka Moshi. Ninauheshimu upendo huo. Ila tawi linalolala kwenye buti la basi zaidi ya kilomita 500, likishuka kutoka ubaridi wa mlimani hadi jasho la pwani, linafika limeshachoka, na ukilitikisa linaacha majani sakafuni hata kabla halijasimamishwa.

Pwani tuna mvinje. Ukiwa mdogo una umbo la pia, mpana chini na mwembamba juu, na vile vinavyofanana na sindano ni vijitawi vya kijani vyenye pingili. Majani yake halisi ni vimeno vidogo mno vinavyozunguka kila pingili, kiasi kwamba lazima usogeze kijitawi karibu na jicho ndipo uvione. Umbile hilo linapunguza upotevu wa maji, na ndiyo sababu mvinje unaweza kusimama mchangani karibu na maji ya bahari.

Ushahidi wa ugumu wake uko Mombasa. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti katika machimbo yaliyoachwa ya kiwanda cha saruji cha Bamburi. Palikuwa jiwe tupu la matumbawe, joto kali, na maji yenye chumvi chini. Alijaribu aina 26, zikastahimili tatu, na mvinje ndio uliobeba kazi kubwa zaidi. Mizizi yake inaishi na bakteria waitwao Frankia, ambao wanavuta naitrojeni kutoka hewani na kuulisha mti mahali ambapo udongo hauna cha kutoa. Sisi wa Madale hadithi hiyo inatuhusu kwa karibu, kwa kuwa machimbo ya Wazo, ambako saruji inatengenezwa tangu 1966, yanachimba chokaa iliyotokana na matumbawe vilevile.

2. Kiriba kabla ya panga

Nikipewa nafasi ya kumshauri mtu jambo moja tu, nitamwambia anunue mti wenye mizizi. Mti uliokatwa unaanza kufa siku ya kwanza, na kazi yako yote inakuwa kuchelewesha. Ulio kwenye kiriba au chungu unakuja kwako kukaa siku chache, kisha unarudi nje kuendelea na maisha.

Vitalu vilivyo kando ya Barabara ya Bagamoyo vina miche ya mvinje kwa bei ndogo, na mara nyingi utakuta pia araukaria, ule mti ulionyooka ambao matawi yake yanatoka kwa duara, ngazi baada ya ngazi. Asili yake ni kisiwa cha Norfolk katika Pasifiki. Kapteni James Cook alipofika huko mwaka 1774 alivutiwa na unyoofu wa miti hiyo, akaona itafaa kwa milingoti ya meli. Kwa sababu ni mti wa kisiwani, hewa ya bahari hauiogopi, na unastahimili kukaa ndani kuliko mvinje.

Mzee mmoja wa kitalu ndiye aliyenifundisha kuuchagua. Nilimsalimu shikamoo, akaitikia marahaba, na aliponiona naelekea kwenye mrefu kuliko yote akanizuia: "Mwanangu, urefu utakuja wenyewe. Angalia ncha." Maneno yake yana sababu. Araukaria ina ncha moja tu ya kukulia juu. Ikivunjika, mti haurudi katika umbo lake. Ukichukua tawi la pembeni ukalipandikiza, litatoa mizizi lakini litaendelea kukua kwa ubavu, halitasimama wima. Tawi la chini likikauka, halioti jingine mahali pake. Kwa hiyo mti huu haupogolewi ili ujaze, na ukiununua umeshapoteza matawi ya chini, hivyo ndivyo utakavyobaki.

Akaniambia pia niinue kiriba nitazame chini. Mizizi michache inayochungulia si tatizo. Mizizi minene iliyojizungusha ni dalili kwamba mti umekaa humo muda mrefu na ukishapandwa utasumbuka. Halafu hesabu mashina, maana wakati mwingine miche miwili au mitatu inawekwa pamoja ili mti uonekane umejaa. Kwa sikukuu inapendeza, lakini baadaye miche hiyo itagombania nafasi.

Kuusafirisha, kirikuu kinafaa kuliko bodaboda. Ufunike kwa khanga au gunia lenye unyevu, kwa sababu upepo wa njiani unaukausha kuliko jua.

3. Kama ni lazima ukate, kata kilicho chako

Majirani wengi wana uzio wa mivinje, au mstari wa miti iliyopandwa wakati kiwanja kikisubiri ujenzi. Hapo ndipo penye mti wa kukata bila kuua. Usikate shina chini. Kata sehemu ya juu, ukiacha chini yake matawi mabichi ya kutosha. Mvinje unavumilia kupunguzwa, na tawi mojawapo la chini litainuka polepole kuchukua nafasi ya ncha. Unapata mti wa sebuleni, na uzio unapata kupunguzwa ambako pengine ulikuwa unakuhitaji.

Kwa watu wa huku nasema wazi: Pori la Akiba la Pande si mahali pa kutafutia mti wa Krismasi. Ni kipande kilichobaki cha msitu wa pwani, kimezungukwa na makazi yetu kila upande, na kukata mti kwenye hifadhi bila kibali ni kosa la jinai. Yule kijana anayekuletea mti mlangoni kwa bei ya kutupa, muulize ameutoa wapi. Akishindwa kueleza, mwambie asante.

Kata alfajiri, mti ukiwa umejaa maji ya usiku. Na hapa kuna jambo linalopuuzwa na wengi: mti ukishakatwa, sehemu ya kidonda inaanza kuziba. Kwa misaipresi na misindano ni utomvu unaoziba. Kwa mvinje ni hewa inayoingia kwenye mirija ya maji na kuikatisha. Kwa hiyo ukifika nyumbani, hata kama safari ilikuwa fupi, kata tena sentimita 2 au 3 za chini kwa msumeno, mkato wa moja kwa moja usio wa mshazari, kisha utie mti majini palepale. Usichonge gome ili shina liingie kwenye ndoo nyembamba. Sehemu ya nje ya shina ndiyo inayopandisha maji, na ukiiondoa umeuziba mti mdomo. Tafuta ndoo pana.

Maji yenyewe yawe maji tu. Nimesikia sukari, soda, vidonge vya maumivu, hata bia. Hakuna kinachoyashinda maji safi yanayoongezwa kila siku bila kukosa. Kipimo kinachotumiwa na wakulima wa miti hii ni chombo kinachobeba angalau lita moja kwa kila sentimita 2.5 za unene wa shina, na siku ya kwanza mti unakunywa kwa kasi ambayo itakushangaza. Maji yakishuka chini ya mkato, hewa inaingia tena, na hapo itabidi uutoe na kuukata upya, mapambo yote yakiwa juu yake.

4. Ndoo ya maji inakaribisha mbu

Hili sijaliona katika maelekezo yoyote ya nchi za baridi, nasi hatuwezi kuliacha. Dar es Salaam imepata milipuko ya homa ya dengi, ule wa 2014 na ule mkubwa wa 2019, na mbu anayeieneza, Aedes, anapenda hasa maji safi yaliyotulia karibu na watu: ndoo, tairi, sahani za maua. Anauma mchana, saa ambazo hakuna aliye ndani ya chandarua. Kwa joto letu, yai linaweza kuwa mbu anayeruka ndani ya siku 7 hadi 10, muda uleule ambao mti unakaa sebuleni.

Dawa yake ni rahisi. Weka mti katikati ya ndoo, jaza kokoto zilizooshwa hadi karibu na ukingo, malizia na mchanga msafi, kisha mimina maji yabaki chini kidogo ya uso wa mchanga. Mbu hapati uwazi wa kutagia, na mti unapata kitu cha kuushikilia usiyumbe watoto wakigusa. Kumbuka tu kwamba kokoto zinachukua nafasi: ndoo ya lita 20 iliyojazwa hivyo inabeba maji kama lita 7 au 8. Kwa shina la sentimita 5 hizo zinatosha, lakini lazima uziongeze kila siku. Kujua kiasi kilichobaki, chomeka kipande cha bomba la plastiki pembeni hadi chini, upimie humo kwa kijiti, na mdomo wake uuzibe kwa kitambaa.

Kwa mti wa chungu, sahani ya chini imwagwe kila baada ya kumwagilia. Kazi hiyo kwangu ni ya mtoto, na anaifanya kwa makini kwa sababu anajua ni ya nini.

5. Feni ni adui kuliko jua la dirishani

Upepo wa feni ukiupiga mti saa nzima, unyevu wa majani unapotea kuliko mizizi au shina linavyoweza kurudisha. Kiyoyozi ni vivyo hivyo, kwa kuwa kinakausha hewa. Ninauweka mti kwenye kona yenye mwanga wa dirisha la mashariki, nje ya njia ya feni, mbali na nyuma ya friji panapotoa joto. Wa chungu ninaugeuza robo mzunguko kila baada ya siku chache, la sivyo unaanza kuinamia mwanga.

6. Usiuharakishe

Madukani mapambo yanatoka Novemba. Mti hai hauwezi kwenda na haraka hiyo. Desturi ya zamani ya makanisa mengi, ya kusimamisha mti tarehe 24 Desemba na kuuondoa Epifania, tarehe 6 Januari, inakubaliana na hali yetu ya hewa kwa namna ya ajabu. Majilio yana uzito wake, na sebule inayosubiri pamoja na kanisa haijapungukiwa. Mti uliokatwa ninaushauri uingie ndani tarehe 23 au 24. Wa chungu unaweza kutangulia kidogo, lakini kwanza ukae kibarazani siku kadhaa uzoee kivuli, na siku za ndani zisizidi kumi hivi.

7. Moto

Ningependa kila nyumba isome sehemu hii kabla ya zote.

Taa za kwanza za mti wa Krismasi huko Ujerumani zilikuwa mishumaa. Umeme ulikuja baadaye: mwaka 1882 Edward Johnson, mshirika wa Thomas Edison, aliweka taa za umeme kwenye mti nyumbani kwake New York. Sisi tumerithi vyote viwili kwa pamoja, maana umeme ukikatika usiku wa mkesha mkono unakimbilia kiberiti. Mshumaa uwe chumba kingine na mti. Taa ya sola au tochi inatosha kula pilau.

Mvinje unasifika kwa kuni zenye moto mkali, zinazowaka hata zikiwa hazijakauka sawasawa. Sifa hiyo jikoni ni neema, sebuleni ni hatari. Jaribu kila asubuhi: kunja kijitawi kwenye vidole. Kikipinda, mti bado una maji. Kikivunjika kwa sauti, mti umekwisha, na siku hiyohiyo zima taa, ondoa mapambo, utoe nje, hata kama ni tarehe 27 na wageni wa Mwaka Mpya bado hawajafika. Mtu aone kona tupu kuliko kuona moshi.

Pamba ni jambo jingine. Nyumba nyingi zinatandaza pamba juu ya matawi iwe theluji. Pamba kavu inashika moto kwa cheche moja, na ikiwa imezunguka waya wa taa umeandaa utambi. Sioni sababu ya theluji Madale, lakini anayeipenda aitandaze kwenye meza ya pango la Noeli, mbali na waya.

Taa ziwe za LED. Zile za kizamani, kamba ya balbu ndogo 100, kwa kawaida zinavuta wati 40 hivi na zinapata moto. Za LED za idadi hiyo zinavuta kama wati 5. Kwa saa 6 kila jioni, za kizamani zinakula karibu robo ya uniti ya LUKU, na za LED uniti 0.03. Tofauti ya fedha ni ndogo. Tofauti ya joto ndani ya majani makavu ndiyo ninayoijali. Kagua waya kwa vidole kabla hujauzungusha, maana waya uliokaa stoo mwaka mzima unaweza kuwa umetafunwa na panya. Plagi na kiunganishi visilale sakafuni karibu na ndoo ya maji, na kila mnapotoka kwenda mkesha au kulala, zichomolewe. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Iandikeni ukutani, watoto waijue.

8. Mapambo mepesi, ya kwetu

Matawi ya araukaria ni laini na ya mvinje yananing'inia, hayabebi mipira ya vioo. Vikapu vidogo vya ukili, utepe wa vipande vya kitenge vilivyobaki kwa fundi, nyota za karatasi ngumu walizokata watoto, na vitunda vya mvinje wenyewe, vile vigumu vyenye matundu, vinatosha na vinapendeza. Usifunge kitu kwenye ncha ya araukaria. Nyota ya juu ninaitundika kwa uzi kutoka darini, ikae juu ya ncha bila kuigusa.

9. Chumvi ya kisima

Huku kwetu kuna visima vingi, na maji ya baadhi yake yana chumvi inayoonekana hata kwenye bomba la bafu. Mvinje ulio ardhini unavumilia. Mti wa chungu hali yake ni nyingine: maji yanakauka, chumvi inabaki, inarundikana wiki baada ya wiki hadi ncha za majani zinaungua na udongo kufanya utando mweupe juu. Watu wanadhani ni kiu, wanaongeza maji yaleyale.

Vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba, inatupa maji mazuri ya bure. Elekeza gata kwenye pipa lenye mfuniko na wavu, na weka maji hayo kwa ajili ya miti ya chungu. Mara moja kwa mwezi utoe mti nje, mimina maji ya mvua mengi hadi yatiririke chini kwa muda, yaondoke na chumvi. Siku nyingine chomeka kidole kwenye udongo: ukiwa mkavu hadi pingili ya kwanza mwagilia, ukiwa na unyevu uache. Araukaria nyingi zinakufa kwa kuoza mizizi kuliko kwa kiu.

Kuhusu wadudu sitasema mengi. Vidung'ata vyeupe vinavyojificha kwenye makwapa ya matawi vinatoka kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Mchwa ni tatizo kubwa zaidi, na Madale wapo kila mahali. Kiriba kisikae moja kwa moja ardhini, kiweke juu ya matofali, na mti uliokatwa usiusimamishe kwenye ndoo ya udongo.

10. Baada ya Epifania, ngoja masika

Watu wengi wenye nia njema wanapanda mti wao Januari, wiki ileile ya kuuvua mapambo. Ninawaelewa, ila kalenda ya mvua haiwaungi mkono. Vuli imekwisha, kaskazi inavuma, na Januari na Februari ni miezi ya jua kali na ardhi kavu. Mti uliotoka kivulini ukatiwa juani ghafla unaungua upande mmoja, na ukipandwa wakati huo utadai maji kila siku, wakati ndoo za nyumbani zenyewe zinahesabiwa.

Rudisha mti kwanza chini ya mwembe au kibarazani. Kila wiki usogeze kuelekea kwenye mwanga zaidi. Mpaka Machi utakuwa umeshazoea. Chimba shimo mapema, pana kuliko kina, changanya udongo wa juu na samadi iliyooza vizuri, na mvua za kwanza za masika zikishalowesha ardhi panda jioni. Chana kiriba, usikivute, maana araukaria haipendi mizizi yake kusumbuliwa. Jenga kisahani cha udongo kuzunguka shina, weka matandazo ya nyasi kavu yasiyogusa gome, na hadi mwisho wa Mei mvua itakusaidia kazi.

Mahali pa kupanda panahitaji fikra zaidi. Viwanja vingi vya kwetu ni mita 20 kwa 20. Araukaria katika kisiwa chake inaweza kupita mita 50, na mvinje nao unafika mita 20 na zaidi. Mti kama huo chini ya nyaya za umeme, karibu na shimo la maji taka au ukuta wa jirani, ni ugomvi unaoupandia wajukuu. Usiwe karibu na nyumba kuliko mita 10, na kama hazipo, usipande. Uache kwenye chungu kikubwa zaidi miaka kadhaa, uwe unaingia ndani kila Desemba, kisha utoe kwa taasisi yenye eneo. Kwa mwenye kiwanja kidogo anayetaka rangi ya sikukuu nje, kuna mivinje ya kukatwa iwe uzio, na kuna ule mti wa maua mekundu wenye asili ya Madagascar ambao wengi tunauita mkrismasi. Unachanua kuanzia Novemba barabarani bila kuombwa, ingawa nao unahitaji nafasi ya kutosha.

Mti uliokatwa usiuchome moto uani. Ukate vipande: shina likauke liwe kuni, vijitawi vitandazwe chini ya migomba au kwenye bustani. Majani ya mvinje yanachelewa kuoza, na huko Bamburi Haller alikwama hapo mpaka alipoleta jongoo, wakayasaga majani hayo kuwa udongo ambao miti mingine ikaota. Kwa hiyo jongoo wakija kwenye rundo lako waache, na wazuie watoto wasiwapige.

Mti wa kwangu wa mwaka huu ni araukaria yenye ngazi tano za matawi, na kiwanja changu hakiutoshi. Nimeshakubaliana na mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya jirani. Shimo litachimbwa mwanzoni mwa Machi upande wa uwanja usio na nyaya, darasa la nne limepewa zamu ya kumwagilia, na nimeahidi kuleta samadi na vigingi vya kuukinga na mbuzi.